Eti .pro bado ni ya wenye leseni tu?

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi ni mhasibu niko Mwanza, nimefungua kaofisi kangu ka mambo ya kodi na sasa nataka websaiti. Kijana anayenitengenezea kaniambia kwenye mwisho wa jina la websaiti niachane na .co.tz nichukue .pro, eti hiyo hawapewi watu hovyohovyo, mpaka uwe na leseni ya taaluma, mteja akiiona tu anajua huyu kahakikiwa. Bei yake imechangamka maana anasema kuna hela ya uhakiki inaenda Marekani. Ni kweli? Na kama ni kweli mbona hajaniomba hata namba ya cheti?
Mhasibu, Mwanza

JIBU: Dada yangu, hajakuomba cheti kwa sababu hakuna anayekiuliza. Hiyo stori ya leseni ilikuwa kweli zamani, tangu 2015 .pro inauzwa kwa yeyote mwenye hela, hata muuza chipsi akitaka anapata.

Tumtendee haki kijana, labda kasoma makala ya kizamani. ICANN, wale wanaosimamia majina ya intaneti duniani, waliipitisha .pro mwaka 2000 kwenye kundi moja na .info, .biz, .name, .aero, .coop na .museum, na usajili ukaanza 2004. Ilikuwa ya madaktari, mawakili na wahasibu peke yao, tena hukupewa jina fupi, daktari alikaa chini ya med.pro, wakili law.pro, na nyie wahasibu cpa.pro. Ungekuwepo enzi hizo jina la ofisi yako lingeishia na cpa.pro, ila nadhani usingepata maana walianza na nchi chache tu, Marekani na wenzake, huku kwetu hata foleni haikufika.

Sasa kwanini wakalegeza? Kukagua leseni ni kazi na ni gharama, kila nchi ina bodi zake na makaratasi yake, na wanunuzi wenyewe walikuwa wachache. Halafu kukawa na ujanja, 2005 kuna wakala alikuwa anasajili majina ya .pro kwa jina lake yeye kisha anawaachia wateja wayatumie, leseni hawana na mambo yanaenda. Yani getini kuna mlinzi anadai kitambulisho na uani mlango uko wazi. 2008 wakafungua kwa taaluma zote zenye leseni, nchi yoyote, na 2015 masharti yakaondolewa kabisa. Mi naona bora walivyofungua, sharti lisilosimamiwa ni baya kuliko kukosa sharti kwa sababu linamfanya mteja aamini kitu ambacho hakipo, na hicho ndo kijana wako anataka kukuuzia.

Zipo zinazokagua mpaka leo usije ukasema zote ndo hivyo. .bank kwa mfano, hupati mpaka ukaguliwe kwamba we ni benki yenye kibali au taasisi inayohusika na mabenki, na hapa nyumbani .go.tz ni ya serikali.

Kwahiyo .pro kama unaipenda chukua, ni fupi na inasomeka vizuri kwenye kadi. Ila wateja wako ni wa Mwanza, .co.tz wameizoea, mimi ningeanza na hiyo. Kinachomwonyesha mteja kwamba we ni mhasibu kweli ni usajili wako NBAA, ile bodi ya wahasibu, weka namba yako ukurasa wa kwanza kabisa, mwenye wasiwasi akaulize bodi.

Kitu kingine ambacho hukuuliza ila nakuona unaelekea huko: hakikisha domeni, yani hilo jina la websaiti, inasajiliwa kwa jina lako na imeili yako, sio ya kijana. Mafundi wengi wanasajili kwa akaunti zao, siku mkikosana au akibadilisha namba ndo unajua ofisi yako ina mwenyewe mwingine. Na muulize mapema bei ya kulipia mwaka wa pili, maana .pro unaweza kuipata kwa ofa mwaka wa kwanza halafu ukija kulipia tena unakuta imepanda mara kadhaa. Kama kashaisajili kwake mwambie aihamishie kwako, ila ikiwa mpya kwa kawaida haihami kwenda kwa msajili mwingine, yani kampuni nyingine inayouza majina, mpaka zipite siku 60, hapo asikutishe, akubadilishie tu jina la mmiliki na imeili humo humo.

Hiyo hela ya uhakiki usimpe.