Maswali ya Wasomaji: Boston na California katika Mitaji ya Ubia

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu kampuni za mitaji ya ubia, yaani zile zinazotia fedha katika kampuni changa na kupata hisa badala ya riba. Nimejumlisha fedha zilizowekezwa kila mwaka na kampuni zenye makao Boston na zile za California, na California imeizidi Boston kwa mbali. Je, naweza kuandika kwamba wawekezaji wa California ni wathubutu zaidi?

JIBU: Ndugu msomaji, jumla hiyo haiwezi kubeba hitimisho hilo. Ninakuomba uliweke kando neno “wathubutu” mpaka utakapojua fedha zilitoka kwa nani, kwa masharti gani, na mfuko, yaani chungu cha fedha za wawekezaji kinachosimamiwa na kampuni ya mitaji ya ubia, ulikuwa na umri gani zilipotolewa, kwa sababu kwa maoni yangu mambo hayo hueleza mwenendo wa mwekezaji kuliko eneo anakotoka.

Itazame Boston yenyewe. American Research and Development, kampuni ya mitaji ya ubia iliyoanzishwa huko mwaka 1946 na kuongozwa na Georges Doriot, ilikusanya mtaji kwa kuuza hisa kwa umma, kwa hiyo haikufungwa na tarehe ya kuwarudishia wenye fedha chao. Mwaka 1957 iliweka dola 70,000 katika kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation, ikasubiri kwa zaidi ya miaka 10 huku thamani ya hisa hizo ikipanda hadi mamia ya mamilioni ya dola. Mtindo uliokuja kutawala baadaye, ukiwemo wa kampuni za California kama Kleiner Perkins na Sequoia, zote za mwaka 1972, ni wa mfuko wenye ukomo, ambao kwa kawaida ni miaka 10, na meneja anayebanwa na muda huo hutafuta kampuni zitakazoweza kuuzwa au kuingia katika soko la hisa kabla haujaisha. Kisha mwaka 1979 serikali ya Marekani ilifafanua kanuni zake kwa namna iliyoruhusu mifuko ya pensheni kuweka sehemu ya akiba zake katika mitaji ya ubia. Mitaji iliongezeka sana, na mfuko mkubwa hulazimika kutoa fedha nyingi kwa mkupuo, kwa kuwa washirika wachache wanaousimamia hawawezi kukaa katika bodi za kampuni mia moja.

Umri wa mfuko nao hupotosha ulinganisho wa mwaka kwa mwaka. Katika miaka ya mwanzo meneja huingia katika kampuni mpya. Baadaye fedha zilizobaki huzielekeza kwa zile alizokwisha kuingia. Ukiulinganisha mfuko wa mwaka wa pili na ule wa mwaka wa nane, utaona tofauti kubwa hata kama yote miwili inasimamiwa na watu wale wale.

Kuhusu sekta nitasema machache tu, ingawa uzito wake ni mkubwa. Boston ina nguvu katika dawa na bioteknolojia, ambako fedha hutolewa kidogo kidogo kadiri majaribio yanavyofaulu, na ambako mwekezaji pengine huianzisha kampuni yeye mwenyewe, kama kampuni ya mitaji ya ubia ya Flagship ilivyofanya kwa Moderna, kampuni ya bioteknolojia, mwaka 2010. Usiipime kampuni ya namna hiyo kwa kipimo cha programu za kompyuta.

Hatimaye, kagua jinsi ulivyojumlisha. Kampuni tano zikishiriki awamu moja ya uwekezaji ya dola milioni 50, kila moja inaweza kuitangaza awamu nzima, nawe ukaihesabu mara tano. Tena fedha za mfuko wenye makao California huweza kwenda kwa kampuni changa ya Boston. Kwa hiyo tengeneza safu mbili, moja ya makao ya mwekezaji na nyingine ya mahali kampuni ilipo, kisha panga takwimu kwa sekta, kwa awamu na kwa miaka tangu mfuko ulipoanza. Badala ya jumla, tumia kiasi cha katikati (median) cha uwekezaji wa kwanza, ambacho hakiyumbishwi na mikataba michache mikubwa. Ikiwa tofauti itabaki hapo, utakuwa na jambo la kweli la kulichunguza.