Njoo kwa baiskeli, lakini si kwa hesabu hiyo

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Sisi huku Mombasa hatujambo. Mamako anakusalimu sana, na barua yako aliisoma kabla yangu.

Umeuliza mambo mawili, nami nataka niyajibu yote bila kuzunguka. La kwanza, ukija nyumbani kutoka Dar es Salaam kwa baiskeli badala ya kupanda basi, utakuwa umeisaidia dunia hii inayozidi kuchemka, au utakuwa unajifurahisha tu? La pili, kwa nini tuhangaike sisi wakati waliochafua hewa ni wengine?

Nianze na hesabu, maana mafuta ndiyo elimu niliyoipata kwa kushika usukani. Lita moja ya dizeli ukiiweka kwenye mizani haifiki kilo. Ikishaungua hutoa hewa ya ukaa, ile inayoipasha dunia joto, kilo 2.7 hivi. Watu hushangaa vipi moshi uwe mzito kuliko mafuta yaliyouzaa. Sababu ni kwamba kaboni iliyomo kwenye dizeli hushikana na oksijeni ya hewani, na oksijeni ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya uzito ule. Petroli hutoa kilo 2.3 kwa lita. Trela lenye shehena kutoka bandari ya Kilindini hadi Nairobi, kilomita 480 na ushei, kutoka usawa wa bahari hadi juu ya mita 1,700, hunywa lita 200 na kuzidi. Hiyo ni zaidi ya nusu tani ya hewa ya ukaa kwa mwendo mmoja wa gari moja, na foleni ya mzani wa Mariakani unaijua mwenyewe ilivyo ndefu.

Sasa tulitazame basi lako. Kutoka Dar hadi Mombasa ni kilomita kama 520. Basi kubwa hula lita 30 hivi kwa kila kilomita 100, kwa hiyo safari nzima ni lita 150 na kidogo, yaani hewa ya ukaa kilo 400 na ushei. Wagawie abiria hamsini, kila mmoja anapata kilo 8. Hizo kilo 8 ndizo utakazoziepusha kwa kukanyaga pedali karibu wiki nzima juani. Tena basi litaondoka tu, hata kiti chako kikiwa kitupu.

Lakini una gari, mwanangu. Uliniambia kazini ni kilomita 15 kwenda na 15 kurudi. Kwa foleni za huko, gari dogo haliwezi kula chini ya lita 8 kwa kilomita 100. Piga hesabu: ni kama kilo 5 na nusu kila siku uendayo kazini. Siku mbili tu za kuliacha gari nyumbani, uende kwa baiskeli, zinapita faida ya safari yote ya kuja Mombasa. Na siku za kazi kwa mwaka ni zaidi ya mia mbili.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza ni hili. Kama unatafuta tendo, tendo liko baina ya mlango wako na ofisi yako. Huko hakuna atakayekupiga picha, hakuna mandhari, kuna jua na daladala na jasho la shati. Ndiyo maana watu wengi huipenda safari ndefu wakaiacha ile fupi. Wewe naomba usifanye hivyo. Anza na ya kazini, hata mara mbili kwa wiki, halafu tuzungumze habari ya Mombasa.

Swali lako la pili ni zito zaidi, na una haki ya kuliuliza kwa hasira. Afrika nzima hutoa kama asilimia 4 tu ya hewa ya ukaa ya dunia ya kila mwaka. Mkenya wa kawaida anatoa chini ya nusu tani ya hewa ya ukaa kwa mwaka, na Mtanzania chini ya hapo. Mmarekani mmoja anatoa zaidi ya Wakenya thelathini. Na malipo yamekuja kwetu kwanza. Ule ukame ulioanza 2020 niliuona kwa macho yangu kando ya barabara, pale Samburu, Taru na Maungu, ng'ombe wamelala hawaamki tena. Mwaka 2022 serikali ya Kenya ilihesabu tembo 205 waliokufa kati ya Februari na Oktoba. Wanasayansi walioupima ukame wa pembe hii ya Afrika walisema usingefikia ukali ule lau si joto ambalo binadamu ameliongeza. Kisha mwisho wa 2023 ikaja mvua ya El Niño, na ardhi ileile iliyopasuka kwa kiu ikafunikwa na maji.

Basi ni haki kudai waliochafua walipe, na kudai kwa sauti. Nami sikubaliani na wanaokwambia haba na haba hujaza kibaba, eti kila mmoja wetu akitia punje yake mambo yatakuwa sawa. Kibaba hiki kimetobolewa chini na watu wenye meli, viwanda na ndege, na tundu hilo halizibwi na baiskeli yako.

Hata hivyo kudai na kutenda havigombani. Kumbuka Agosti 2017, Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki. Siku ile marikiti watu walibabaika, wengine wakafunga nyanya kwenye leso. Mamako alitoa kikapu chake cha ukindu, kilekile alichokuwa akikitumia miaka yote wakati watu wakimwona mshamba, akaenda zake sokoni. Kikapu chake peke yake hakikupunguza plastiki Mombasa, nakubali. Lakini sheria ilipokuja ilikuta vikapu bado vipo, wasusi wapo, na wapo wanaojua kwamba mtu anaweza kuishi bila mfuko wa plastiki. Bila watu hao sheria ingekuwa karatasi. Tanzania nayo ikafuata Juni 2019, na wewe ulikuwepo.

Na barabara ni hivyohivyo. Mhandisi kabla ya kuchora barabara huhesabu vyombo vinavyopita. Akikaa kutwa nzima asione baiskeli, hachori njia ya baiskeli, na njia isipokuwepo watu wataogopa kutoka na baiskeli zao. Mtu lazima aanze kuonekana. Zamani hapa Mombasa wafanyakazi wa bandarini walikuja kazini kwa baiskeli, mkate wa asubuhi ulikuja kwa baiskeli, samaki alikuja kwa baiskeli, na hakuna aliyeona ni umaskini. Aibu ilikuja baadaye pamoja na magari. Huko Dar mna Umma wa Wapanda Baiskeli, UWABA, ambao wamekuwa wakidai njia salama kwa wapandao. Watafute, ujiunge nao. Hapo ndipo kudai na kutenda hukutana.

Sasa, baada ya yote hayo, nasema njoo. Mamako amestaajabu nilipomwambia, alidhani hesabu zile nilizipanga ili nikuzuie.

Njoo kwa sababu ukipita njia ile kwa mwendo wa baiskeli utawaona watu ambao jambo hili limeshawafika, na utasimama uwasikilize. Mimi nimepita pale miaka na miaka nikiwa juu, ndani ya kichwa cha trela, vioo vimefungwa. Vijiji nilivijua kwa matuta yake. Nataka wewe uvijue kwa watu wake.

Ukipata nafasi, chepuka Tanga ushuke Pangani. Waulize wavuvi habari za kisiwa cha Maziwe. Kilikuwa kisiwa chenye mivinje, kasa wakipanda kutaga mayai. Mwishoni mwa miaka ya 1970 bahari ilikimaliza, na leo ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa. Wengine watakwambia miti ilikatwa ndipo mawimbi yakapata nguvu. Sikiliza pande zote, maana hapo ndipo utajua kwamba bahari na mikono yetu huweza kushirikiana kuharibu. Ukishavuka mpaka, iko njia ya kuteremkia Vanga, ambako mto Umba hufurika ukitokea Usambara huku bahari ikijaa mbele. Watu wa kule wameamua kuilinda mikoko yao.

Na usipite Gazi bila kusimama. Pale na Makongeni, tangu 2013, wanakijiji wanaendesha mradi wa Mikoko Pamoja. Wanalinda hekta 117 za mikoko, na kaboni inayohifadhiwa mle inauzwa kwa wanaotaka kulipia uchafu wao. Fedha zinarudi kijijini, kwenye maji na shule. Usidhani hifadhi iko kwenye miti peke yake. Iko zaidi kwenye tope, kwa sababu majani na mizizi iliyozama mle haiozi upesi, na kaboni hukaa humo miaka mingi sana. Zamani tulikata mkoko kwa boriti na mchu kwa kuni bila kuwaza. Leo kuna wazee wa Gazi watakaokuonyesha ipi ilipandwa lini. Waulize pia mambo magumu: bei ya kaboni anaipanga nani, na kama ni haki tajiri anunue ruhusa ya kuendelea kuchafua. Majibu yao yatakufaa kuliko yangu.

Safari yenyewe nikueleze kama dereva. Usitoke Dar kwa barabara ya Morogoro hadi Chalinze, pale malori ya Zambia na Kongo hayakupi nafasi. Pita Bagamoyo, kisha lami ya Msata, ndipo ushike njia ya kaskazini: Mkata, Kabuku, Segera. Kipande hicho mabasi hukimbizana, nacho ndicho kinachonikosesha usingizi. Trela likikupita kwa kasi, upepo wake kwanza hukusukuma nje, kisha mkia ukipita hukuvuta ndani barabarani. Shika usukani imara na usifunge breki. Ukiona gari kubwa mbele na jingine nyuma yako, yatakutana ulipo wewe. Teremka kwenye changarawe, yapite, urudi. Weka kioo kwenye usukani na nguo ya rangi kali mgongoni. Na usiendeshe usiku, hata kilomita moja. Dereva aliyekesha huwa amefumbua macho tu, haoni. Toka baada ya swala ya alfajiri, pumzika jua likipanda, endelea baada ya alasiri, magharibi ikukute umefika.

Kuanzia Segera mambo hutulia. Muheza kula machungwa. Tanga wapo shangazi zako, lala kwao hata siku mbili. Horohoro na Lunga Lunga, pale mpakani, siku hizi ni lami tupu, si yale matope tuliyozama sisi.

Wakati mzuri ni Juni hadi Agosti. Masika yamekwisha, joto limepungua, na kusi inavuma. Ukitoka Tanga kuja kaskazini upepo utakuwa mgongoni mwako, kama unavyozisukuma ngalawa. Ukija wakati wa kaskazi utapigana nao njia nzima, na kwa joto la Januari sikushauri.

Baiskeli isiwe ya gharama. Chukua ya chuma, tairi namba 26, ambayo kila fundi wa kijijini anaijua. Beba tyubu mbili, viraka, solushoni, pampu na cheni ya akiba. Mbigili ni nyingi njiani. Vaa suruali pana uifunge kifundoni, buibui liweke kwenye mkoba hadi ufike kwa watu. Atakayesema baiskeli si ya mwanamke, mwambie babako amekuruhusu na mamako pia. Lakini usije peke yako. Hilo silijadili. Tafuta mwenzako wa UWABA mje wawili au watatu, nyumba ipo na godoro zipo.

Mjombako amekubali kuwalaki Lunga Lunga na baiskeli yake, mpande pamoja hadi Ukunda. Mimi nitawangoja Gazi, nitakuja kwa matatu, maana nataka kuwasikia wazee wale nikiwa nimesimama chini mara moja. Angalia pasipoti yako isiwe inakaribia kwisha, na ubebe risiti ya baiskeli, forodhani wanaweza kuiuliza. Niandikie tarehe mapema ili niwapigie shangazi zako simu, na uniambie pia umeshakwenda kazini kwa baiskeli mara ngapi.

Babako