Spika za kukaa nazo miaka mingi: angalia kinachooza na kinachoweza kufunguliwa

Ndugu yangu, umeuliza ununue spika gani kwa ajili ya sebule ya nyumba yako mpya ya Njiro ili usirudi tena dukani kwa miaka mingi, na umetaja chaguo mbili: sabufa mpya yenye kila kitu ndani yake, au jozi ya spika za mbao za mtumba zenye koni (ile sehemu ya mbele inayotetemeka ili kutoa sauti) za inchi 8. Mimi ninaishi Moshi na nimewahi kuwa na vyote viwili, kwa hiyo nitakujibu kwa yale yaliyonipata.

Sabufa yangu ya kwanza ilikufa jioni moja umeme uliporudi baada ya kukatika. Spika zenyewe hazikuwa na kasoro yoyote. Kilichoungua ni bodi ya amplifaya iliyofungwa ndani ya boksi, na fundi alipoifungua alikuta saketi ambayo vipuri vyake hakuvipata popote mjini. Nikalazimika kutupa sumaku nzima, koni nzima na boksi zima kwa sababu ya kitu kidogo kilichofungwa pamoja navyo. Tangu siku hiyo msimamo wangu ni kwamba anayetaka spika za kudumu anunue zisizo na amplifaya ndani, zile zinazoingia waya mbili tu kwa nyuma, na amplifaya iwe chombo cha pembeni ambacho kikifa kinabadilishwa peke yake. Spika yenyewe haipitwi na wakati haraka. Muundo wa koili, yaani waya uliozungushwa, inayosukuma koni ndani ya uga wa sumaku, ambao Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric waliueleza mwaka 1925, ndio uliomo katika spika nyingi zinazouzwa hadi leo; kinachobadilika kila baada ya miaka michache ni njia za kuingizia muziki, na hizo zinaweza kubaki upande wa amplifaya.

Hata hivyo, spika nayo ina mahali pake pa kuoza, na hapo ndipo ninakuomba uwe makini kuliko pengine pote. Jozi yangu niliinunua mwaka 2003 kwa mtu aliyekuwa akihama Moshi. Ilinipa raha kwa miaka tisa, kisha besi ikaanza kukwaruza. Nilipoondoa kitambaa cha mbele nilikuta ule mkanda wa sponji unaoishikilia koni kwenye fremu umelegea kama mkaa uliolowa, ukiugusa unabaki kidoleni. Sponji ya aina hiyo huliwa na unyevu wa hewa na mwanga wa jua hata kama spika haipigwi. Mkanda wa mpira hudumu zaidi kwa kawaida, na ukipata spika mbili zinazolingana kwa mengine yote, chagua yenye mpira.

Fundi redio mmoja mzee alikubali kunibadilishia, nami nikashinda naye kutwa. Alikwangua gundi ya zamani kwa wembe, akakata kifuniko kidogo cha katikati ya koni, akachomeka vipande vyembamba vya filamu ya picha kati ya koili na chuma cha sumaku ili koili ikae katikati kabisa, ndipo akabandika mkanda mpya na kuacha gundi ikauke hadi kesho yake. Alipovitoa vile vipande aliisukuma koni polepole kwa vidole vya mikono yote miwili, ameinamisha sikio, na haikutoa mkwaruzo hata kidogo. Spika hizo ndizo ninazosikiliza hadi leo.

Kuhusu nguvu, usihesabu wati zilizoandikwa pamoja na herufi PMPO, ambazo ni za kilele cha papo hapo na hutiwa chumvi; tafuta zile za RMS, yaani nguvu ya mfululizo. Angalia pia desibeli, yaani ukubwa wa sauti ambao spika hutoa kwa nguvu ileile, kwa kuwa spika ya desibeli 90 inahitaji nusu tu ya nguvu inayohitajiwa na ya desibeli 87 ili kutoa sauti ileile. Spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) ni salama zaidi kwa amplifaya za kawaida kuliko ya omu 4. Twita nyingi, zile spika ndogo za sauti nyembamba, huungua kwa amplifaya ndogo inayolazimishwa kupita uwezo wake, kwa hiyo wakati wa masika, mvua inapopiga bati, usijaribu kuishinda kwa kuongeza sauti.

Sebule yenye vigae na kuta tupu za saruji huirudisha sauti hadi maneno ya mwimbaji yanavurugika. Tandika zulia, weka mapazia mazito, na usizibane spika kwenye kona, maana besi itavuma tu bila kusikika vizuri.

Basi ninakushauri uchukue ile jozi ya mtumba, ila kabla ya kutoa fedha ondoa vitambaa vya mbele na uguse mkanda kuzunguka koni zote mbili. Sukuma kila koni taratibu, usikilize. Ukisikia mkwaruzo ilhali mkanda ni mzima, huenda koili imeharibika, na hiyo iache. Koni ikienda kimya lakini kidole kikabaki na vumbi jeusi, muulize fundi gharama ya kubadilisha mikanda yote miwili, kisha umwombe muuzaji akupunguzie kiasi hichohicho.