Kontena la mwani linavuja

Kaka, umeuliza kuhusu kontena lako la kuoteshea mwani wa kusafisha maji ya tangi la samaki wa baharini: linavuja pale ulipogandisha bomba kwa sababu silikoni haishiki vizuri plastiki ya ndoo, hata ukipaka mara tatu. Langu lilidondoka tone tone usiku kucha. Toboa, ufunge konekta yenye mpira, kama ile mafundi bomba wa hapa Malindi wanayofunga kwenye matangi ya paani. Tundu la kutokea maji liwe pana kuliko la kuingilia, ulikinge na wavu. Mwani ukiziba, maji yote sakafuni! Taa ya mwani iwashe usiku, tangi kubwa la samaki likiwa gizani, ili pH (kipimo cha uasidi wa maji) isiyumbe sana. Kila ukipunguza mwani umetoa naitreti na fosfeti, uchafu ulioyeyuka majini. Tafadhali usiuchume ndani ya hifadhi ya bahari.