Kwa nini mvua ya kawaida huzua foleni ndefu

Ndugu, umeuliza kwa nini mvua ya kawaida huirefusha safari yako karibu maradufu, ilhali kila dereva amepunguza mwendo kidogo tu. Sababu kubwa ni nafasi kati ya gari na gari. Magari yakifuatana kwa sekunde 2, njia moja hupitisha magari 1,800 kwa saa. Madereva wakihofia utelezi, na wana haki ya kuuhofia, wakaachiana sekunde 2.5, njia hiyo hiyo hupitisha magari 1,440. Barabara ambayo tayari imejaa haiwezi kuhimili upungufu huo, hivyo foleni huanza, na huchukua muda kuisha hata mvua inapokatika.

Ukiweza, ondoka mapema au subiri msongamano upungue. Njia ikiwa wazi, punguza mwendo kwelikweli: Ufaransa hushusha kikomo cha barabara zake za kasi kutoka kilomita 130 hadi 110 kwa saa wakati wa mvua. Jihadhari hasa na dakika za mwanzo baada ya ukame, kwa kuwa maji machache huchanganyika na mafuta na vumbi, lami ikateleza vibaya. Ukihisi usukani umekuwa mwepesi ghafla, huenda tairi zimeanza kuelea juu ya maji. Achia mafuta polepole, shikilia usukani ukiwa umenyooka, wala usikanyage breki kwa nguvu. Na tafadhali, acha sekunde 4 mbele yako, hata kama wengine watakuchomekea.