Mume ana gauti, na dagaa hawakosi mezani

Dada wa Ujiji, umeuliza kama mumeo mwenye gauti, ule ugonjwa wa viungo kuvimba na kuuma, aache dagaa kabisa na ashinde njaa ili apungue upesi. Kushinda njaa, hapana: mwili ukinyimwa chakula ghafla, asidi ya yuriki, ile taka ya damuni inayoleta gauti, hupanda, na kidole gumba cha mguu kitamkesha tena. Apungue polepole. Dagaa ndio kesi ngumu hapo Kigoma, maana wana purini nyingi, kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa asidi hiyo. Wapike mara mojamoja, tena kidogo. Maharage msiyaogope. Vya kufukuza kwanza ni bia, soda na maini. Maji anywe ya kutosha. Kuleni chungu kimoja, usimpikie chake pembeni kama mgonjwa. Wengi huona aibu, wakaishia kula kwa siri kilabuni. Dawa alizoandikiwa na daktari asiziache eti maumivu yametulia.