Kabla ya kujifunza kubofya, jua kompyuta inakumbuka wapi

Ukurasa wa 11 wa ripoti niliyokuwa naandika. Naukumbuka kwa sababu nilikuwa nimeshausoma mara mbili, nikaridhika, nikasimama kunyoosha mgongo, mara umeme ukakatika. Uliporudi niliwasha kompyuta, nikafungua faili na kukuta ukurasa mmoja na nusu. Kazi ya kutwa nzima ilikuwa imeyeyuka. Nililaumu mashine, nikalaumu umeme. Wa kulaumiwa nilikuwa mimi, niliyejua kubofya bila kujua maneno ninayoandika yanakwenda wapi.

Mafunzo mengi ya mwanzo huanza na majina: hii skrini, hii kibodi, hiki kipanya. Hayo mtu huyashika siku ya kwanza. Siku hizi nikimwelekeza mtu naanza na swali moja: kompyuta inakumbuka kwa kutumia nini?

Ina ubao na ina daftari. Ubao ni RAM, yaani kumbukumbu ya muda. Daftari ni diski. Ukifungua faili, kompyuta inanakili yaliyomo kutoka daftarini na kuyaandika ubaoni, na kila unachoongeza au kufuta baada ya hapo kinafanyika ubaoni tu. Ubao wenyewe ni chaji ndogo mno za umeme, ambazo huvuja na hujazwa upya mara nyingi kila sekunde. Umeme ukikatika, hakuna wa kuzijaza. Diski haina shida hiyo: ile ya kuzunguka huandika kwa sumaku, na SSD, yaani diski isiyozunguka, hufungia chaji mahali isipotoka kirahisi hata mashine ikizimwa. Kuhifadhi faili, basi, ni kunakili kutoka ubaoni kurudi daftarini. Wahenga waliosema mali bila daftari huisha bila habari hawakuwahi kuiona kompyuta, ila mimi walinipata.

Utauliza, kwa nini isiandike daftarini moja kwa moja? Kwa sababu ya prosesa, sehemu inayotekeleza amri zote za kompyuta, ambayo haina subira. Prosesa ya gigahezi 3 inapiga mapigo bilioni 3 kwa sekunde, na diski, hata iliyo bora, haiwezi kuilisha kwa kasi hiyo. Cha kushangaza ni jinsi inavyojua machache: kujumlisha, kulinganisha, kuhamisha, kuruka kwenda kwenye amri nyingine. Hata herufi haizijui. A kubwa kwake ni namba 65, nayo huwekwa kwa sifuri na moja tu, hivi: 01000001. Picha na nyimbo ni namba vilevile, nyingi zaidi.

Programu nazo hukaa ubaoni pamoja na kazi yako. Kompyuta ya kwanza ya kielektroniki kuendesha programu iliyohifadhiwa kwenye kumbukumbu yake ilifanya hivyo Manchester, Uingereza, mwaka 1948, na ubao wake wote ulikuwa biti 1,024, yaani nafasi 1,024 za sifuri au moja, sawa na baiti 128 za biti nane nane. Mashine ya GB 8, yaani baiti kama bilioni 8, ina ubao mkubwa kuliko huo zaidi ya mara milioni 60, na bado tunaujaza.

Mimi niliujaza. Kompyuta yangu ilianza kuwa nzito, kila ukibofya unasubiri. Nikashauriwa nifute picha, nikafuta. Nikashauriwa niweke diski kubwa zaidi, nikaweka. Uzito ukabaki palepale, kwa kuwa nilikuwa nimenunua daftari nene wakati kilichokuwa kidogo ni ubao: GB 2 za RAM, na kurasa za intaneti zaidi ya 20 zimefunguliwa. Ubao ukijaa, kompyuta huhamishia baadhi ya mambo kwenye diski, kisha huyarudisha yanapohitajika, ikienda na kurudi bila kupumzika. Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utazame ni kipi kinakaribia asilimia 100, kumbukumbu au diski. Dakika moja tu.

Ndiyo maana pia ushauri wa mafundi wa "zima, kisha washa" si uvivu: unafuta ubao uliovurugika. Ila kwenye Windows 10 na 11 chagua Restart. Ukizima kwa Shut down, mara nyingi mfumo huweka sehemu ya hali yake kwenye diski ili uwake upesi, na uchafu wa jana unaweza kurudi nao.

Kwa upande wa kuhifadhi, zoeza vidole Ctrl na S kila unapomaliza aya. Zipo programu zinazojihifadhi zenyewe, zifurahie, usizitegemee. Na kwa kuwa diski nayo hufa, tena bila kuaga, weka nakala ya pili kwenye diski ya nje.

Ile ripoti niliiandika upya usiku uleule. Ilitoka kurasa 9.